Imatinib ilimezwa kila siku, na bado ugonjwa ukarudi: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya kufundishia. Mgonjwa wake si mtu mmoja ninayemjua, na tarakimu za vipimo vyake nimezipanga mimi. Lakini yale yanayotokea ndani ya mwili wake yanajulikana na yamethibitishwa, na mkoa wowote wenye kifua kikuu na wagonjwa wa saratani ya damu wanaomeza imatinib unaweza kuzaa kisa kama hiki. Nawaandikia hasa mgonjwa mwenyewe na yule ndugu anayemsindikiza kliniki, maana hao ndio wanaoonana na kila daktari, kila muuguzi na kila muuza dawa. Mtu mwingine yeyote huona kipande tu.

Mgonjwa na dawa yake

Ni mama wa miaka 38, muuza vitenge Tanga, ana watoto watatu. Alianza kwa uchovu usioisha na uzito upande wa kushoto wa tumbo. Akila matonge mawili anajisikia ameshiba. Picha nzima ya damu ilionyesha chembe nyeupe 186,000 kwa mikrolita moja, wakati mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 4,000 na 11,000. Uvimbe wa bandama ulifika karibu na kitovu. Kipimo cha jeni kikakuta BCR-ABL, na hapo jina la ugonjwa likapatikana: leukemia sugu ya mieloidi, ambayo kliniki nyingi huiita CML.

Ugonjwa huu una historia iliyo wazi kuliko saratani nyingi. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia waliona kromosomu fupi kuliko kawaida katika chembe za wagonjwa. Mwaka 1973 Janet Rowley, akiwa Chicago, alionyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Pale vipande vinapoungana huzaliwa jeni mpya, BCR-ABL, na jeni hiyo hutengeneza protini isiyojua kutulia. Protini hiyo huuamuru uboho kuzalisha chembe nyeupe bila kikomo. Imatinib hukaa ndani ya mfuko mdogo ambamo protini hiyo huchukulia nguvu zake, ikaizima. Marekani iliidhinisha dawa hii Mei 2001. Inaitwa dawa lengwa kwa sababu inalenga protini hiyo na chache zinazofanana nayo, badala ya kushambulia kila chembe inayogawanyika.

Mgonjwa akilielewa jambo moja hapa, mengine yote yatamnyookea: imatinib huzima protini pale tu inapokuwepo kwenye damu kwa kiasi cha kutosha. Haing'oi mzizi. Katika utafiti wa mwanzo, wagonjwa 53 kati ya 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku damu yao ilirudi katika hali ya kawaida. Chini ya kiasi hicho matokeo yalikuwa dhaifu. Kwa hiyo swali la kuuliza kila mwezi lina sehemu mbili: je, nimemeza? Na je, nilichomeza kimefika kwenye damu na kubaki humo? Mama huyu alijibu ndiyo kwa swali la kwanza siku zote. La pili hakuna aliyemuuliza.

Mwaka wa kwanza ulivyokwenda

Alipewa miligramu 400 mara moja kwa siku. Alimeza baada ya chakula cha jioni kwa glasi kubwa ya maji, kisha akakaa wima kidogo kabla ya kulala, kwa sababu dawa hii huchoma tumbo ikimezwa bila chakula. Kipimo cha BCR-ABL kilishuka vizuri: mwezi wa tatu asilimia 8, mwezi wa sita asilimia 0.9, mwezi wa 12 asilimia 0.07. Viwango vinavyotakiwa ni asilimia 10 au chini ifikapo mwezi wa tatu, 1 au chini mwezi wa sita, na 0.1 au chini kufikia mwaka. Alikuwa mgonjwa wa kupigiwa mfano.

Haikuwa rahisi kwake, lakini. Asubuhi aliamka macho yamevimba. Usiku misuli ya miguu ilikakamaa mpaka akalia. Na ngozi yake ikaanza kung'aa, usoni kwanza, kisha mikononi. Imatinib huzuia pia protini iitwayo KIT, ambayo chembe zinazotia ngozi rangi huihitaji, na kwa watu weusi jambo hili huonekana wazi. Sokoni wakasema anapaka mkorogo. Mwanamke anayepigana na saratani akasengenywa kwa kujichubua! Wagonjwa wengi huanza kuruka vidonge hapa hapa, na ningependa kliniki zilitaje hili la ngozi siku ya kwanza kabisa, kabla jirani hajalitaja.

Yeye hakuruka. Muuguzi wa kliniki alimweleza sababu, akamwambia pia kwamba kuruka kuna gharama. Utafiti uliofanywa Hammersmith, London, na kuchapishwa mwaka 2010, ulipima kwa chupa zenye kifaa cha kuhesabu kila zinapofunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge vyao walikuwa na uwezekano wa asilimia 94.5 wa kufikia mwitikio mkubwa wa kijeni katika miaka sita. Waliomeza asilimia 90 au pungufu, uwezekano ulikuwa asilimia 28.4. Asilimia kumi ya mwezi ni siku tatu tu.

Ila alifanya jambo moja ambalo lingekuja kumgharimu. Kwa kuogopa mawifi wasisome neno saratani kwenye boksi, alihamishia vidonge kwenye chupa tupu ya vitamini. Namwelewa kabisa. Hata hivyo, tangu siku ile dawa ile haikuwa na jina nyumbani kwake.

Kifua

Mwezi wa 15 alianza kukohoa. Akakonda, akatokwa jasho usiku. Alikwenda kituo cha afya cha karibu, kama inavyotakiwa, na makohozi yakapimwa kwa GeneXpert. Yakakutwa na vimelea vya kifua kikuu visivyo sugu kwa rifampisini. Akapimwa Virusi vya Ukimwi, hana. Akaanzishiwa dawa za kawaida: miezi miwili ya dawa nne zilizochanganywa kwenye kidonge kimoja, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi minne ya rifampisini na isoniazidi.

Muuguzi wa TB aliuliza swali sahihi.

"Mama, kuna dawa nyingine unatumia?"

"Ndiyo mwanangu, vidonge vya damu. Nameza kila siku."

Muuguzi akaandika kwenye kadi kwamba mgonjwa anatumia vidonge vya kuongeza damu. Ndivyo mtu yeyote katika kituo kinachohudumia wajawazito asubuhi nzima angeelewa. Mama naye alikuwa amesema kweli: hospitali ya rufaa waliita ugonjwa wake "wa damu". Chupa ingetolewa kwenye mkoba ingesaidia, lakini nayo ilikuwa imeandikwa vitamini.

Mwezi wa 18 alirudi kliniki ya saratani. BCR-ABL asilimia 3.1. Chembe nyeupe 14,000.

Daktari alifikiri mambo mawili, na yote mawili ni ya busara. Kwanza, huenda ameacha kumeza. Pili, huenda BCR-ABL imebadilika umbo na imatinib haiingii tena kwenye ule mfuko. Hapo huhitajika kipimo cha mabadiliko ya jeni na dawa ya kizazi cha pili kama nilotinib au dasatinib.

"Mama, niambie ukweli tu, hutakosana nami. Unaruka vidonge?"

"Daktari, sijaruka. Hesabu mwenyewe."

Vilivyobaki vilihesabiwa, vikalingana na tarehe. Kuhesabu ni bora kuliko kulaumu. Kliniki nyingi zingeishia kwenye lawama, na mgonjwa anayelaumiwa kwa kosa asilolifanya mara ijayo hasemi kitu. Daktari alikuwa tayari kuandika karatasi ya kubadilisha dawa. Mfamasia ndiye aliyeuliza swali ambalo silioni kwenye fomu nyingi:

"Shikamoo mama. Mkojo wako siku hizi una rangi gani?"

"Marahaba. Mwekundu kama chai ya rangi. Waliniambia ni hizi dawa za kifua, nisiogope."

Kilichotokea ndani ya ini

Imatinib huvunjwavunjwa na ini, hasa na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kisha hutolewa mwilini. Fikiria bandari ya Tanga yenye vibarua kumi wanaohamisha mzigo kwa mwendo unaojulikana. Dozi ya miligramu 400 imepimwa kwa kujua mwendo huo. Rifampisini huajiri vibarua wengine. Haigusi mzigo wenyewe, inaongeza mikono ya kuuondoa. Katika watu wazima wenye afya waliopewa rifampisini miligramu 600 kwa siku kwa siku nane, jumla ya imatinib iliyopita kwenye damu ilishuka kwa asilimia 74. Yaani mama huyu alimeza vidonge vya miligramu 400, na mwili wake ukaishi kama aliyepewa kama miligramu 100.

Kwa dozi ndogo kama hiyo, katika utafiti wa mwanzo, matokeo yalikuwa dhaifu. Kwake pia damu haikutulia.

Na kulikuwa na dalili nyingine, ambayo mimi naiona kuwa ndiyo somo kubwa la kisa hiki kwa mgonjwa. Wiki chache baada ya kuanza dawa za TB, uvimbe wa macho ulipotea. Misuli ikaacha kukakamaa. Alifurahi, akamshukuru Mungu, akamwambia dada yake kwamba mwili umeizoea dawa. Uvimbe unaoletwa na imatinib hutegemea kiasi kilichopo mwilini: dozi ikipanda, nao huzidi. Wagonjwa tumewafundisha kuripoti madhara yanapozidi. Hatujawafundisha kuripoti yanapotoweka ghafla baada ya kuanza dawa mpya. Dawa mpya imeingia na madhara ya ile ya zamani yamekatika? Piga simu kliniki wiki hiyo hiyo.

Jasho na kukonda navyo vilidanganya. Ni dalili za TB, ni dalili za CML pia, na zilipopungua kwa sababu TB ilikuwa inapona, kila mtu alitulia.

Uamuzi

Kusimamisha dawa za TB haikuwa chaguo. TB isiyomalizwa huua, na hurudi ikiwa sugu. Kuhamia nilotinib au dasatinib nako kusingesaidia, maana zote mbili hupitia CYP3A4 ile ile, na rifampisini huzishusha kwa takriban asilimia 80. Karatasi ile ingesainiwa, mama angepewa dawa ghali zaidi ambayo ingeondoka mwilini haraka vilevile, na miezi mitatu baadaye angeambiwa saratani yake ni sugu.

Yalibaki mawili. Kubadilisha rifampisini kwa rifabutini, ambayo huchochea ini kwa kiasi kidogo kuliko rifampisini, lakini haipatikani kwa urahisi katika kliniki nyingi za TB. Au kuongeza imatinib. Maelezo rasmi ya dawa yanasema pale ambapo rifampisini haiepukiki, dozi ya imatinib iongezwe kwa angalau nusu, na mgonjwa afuatiliwe kwa karibu. Madaktari wa kliniki mbili walizungumza kwa simu, kwa mara ya kwanza tangu mama augue, wakakubaliana: imatinib miligramu 600, picha ya damu kila wiki mbili mwanzoni, na kipimo cha ini, kwa sababu imatinib, isoniazidi na rifampisini zote zinaweza kuliumiza ini. Akaelezwa dalili za kukimbilia hospitali bila kusubiri tarehe: macho kuwa ya njano, kutapika kusikokoma, homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutokwa damu, pumzi kubana.

Mfamasia akauliza na hili: anatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Kijiti. Imatinib inaweza kudhuru mimba, ndiyo maana mwanamke anayeitumia hushauriwa kutumia njia ya uhakika na asinyonyeshe. Sasa rifampisini hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na inaweza kudhoofisha vijiti pia, kwa ini lile lile. Mama alikuwa amekaa miezi mitatu akiamini amelindwa. Kipimo cha mimba kilikuwa hasi. Akachagua sindano, ambayo rifampisini haiathiri. Kitanzi nacho kingefaa.

Mahali mlango ulipobaki wazi

Sioni mzembe hapa. Muuguzi aliuliza, mama alijibu, daktari alipima, vidonge vilihesabiwa. Kilichokosekana ni jina moja, imatinib, kufika mahali lilipohitajika.

Kuna sababu za jina hilo kukosekana. Katika nchi nyingi za kipato cha chini imatinib iliwafikia wagonjwa kwanza kupitia mpango wa msaada wa Novartis, kampuni iliyoitengeneza, ulioanza mwaka 2002 kwa kushirikiana na shirika la The Max Foundation, ukitolewa katika vituo vichache. Mgonjwa husafiri mbali kufuata dawa, hutibiwa malaria, jino na kifua karibu na nyumbani, na wahudumu wa karibu wengi hawajawahi kuiona imatinib. Kadi ya TB ni yake, kadi ya saratani ni yake, na hazikutani ila ndani ya mkoba wa mgonjwa. Kisha mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India ilikataa hataza, yaani haki ya kutengeneza peke yake, ya Glivec, jina la kibiashara la imatinib ya Novartis, na imatinib za viwanda mbalimbali zinaendelea kutumika. Ni heri kubwa, ila boksi hubadilika rangi na jina. Mgonjwa anayejua "ile ya boksi la bluu" atapotea. Anayejua imatinib hatapotea, wala hatameza maboksi mawili ya dawa moja akidhani ni tofauti.

Ndiyo sababu nashikilia kwamba mgonjwa alijue jina la dawa yake kama anavyojua jina la mtoto wake, na dozi, na jina la ugonjwa. Kama boksi linaleta aibu nyumbani, likunjwe liwekwe kwenye pochi, au lipigwe picha kwa simu. Chupa ya vitamini ikitumika, iandikwe imatinib 400. Hakuna wifi atakayejua maana yake, lakini mfamasia atajua. Jibu la "kuna dawa nyingine?" liwe kuonyesha, sio kusimulia.

Rifampisini ni mfano mkali, haiko peke yake. Dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini huishusha imatinib kwa njia ile ile, na efavirenzi ya Ukimwi nayo huchochea ini hilo hilo. Upande wa pili, ketokonazoli ya fangasi ikinywewa huipandisha, na juisi ya balungi ni ya kuepuka. Anayetumia wafarini ya kuyeyusha damu amwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Aliyewahi kuwa na homa ya ini B apimwe kwanza, maana virusi hivyo vinaweza kuamka chini ya dawa hizi. Malaria isicheleweshwe kutibiwa kwa hofu ya mwingiliano, ila jina la dawa ya saratani litajwe, hasa kama ni nilotinib, ambayo hurefusha mpigo wa umeme wa moyo, jambo ambalo kwinini na klorokwini hulifanya pia. Nilotinib ina sharti jingine linalokwenda kinyume na imatinib: vidonge vyake vya kawaida humezwa tumbo likiwa tupu, saa mbili bila chakula kabla na saa moja baada. Aliyehamishwa kutoka moja kwenda nyingine asibebe mazoea ya zamani.

Kurudi chini

Kwa dozi ya 600 BCR-ABL ilishuka hadi asilimia 0.8 ndani ya miezi mitatu. Macho yakavimba tena, na safari hii mama alicheka alipoyaona kwenye kioo. Kipimo cha mabadiliko ya jeni hakikuhitajika, kwa kuwa damu ilijibu ilipopewa dawa ya kutosha.

Hatua iliyobaki ndiyo ambayo husahaulika. TB ilipoisha, ini halikutulia siku ile ile. Huchukua takriban wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho cha rifampisini vimeng'enya kurudi katika kiwango chake. Baada ya hapo miligramu 600 zingekuwa 600 kamili, na chembe za damu zingeweza kuanguka. Kwa hiyo tarehe ya kumaliza TB iliandikwa kwenye kadi ya saratani tangu mwanzo, na pembeni yake tarehe ya kurudi kliniki wiki mbili baadaye. Mama alikuja siku hiyo na kadi zote mbili na boksi tupu la imatinib. Dozi ikarudishwa 400, picha ya damu ikarudiwa baada ya wiki mbili nyingine, na kipimo cha BCR-ABL kilichofuata kilisoma asilimia 0.09. Kwenye fomu ya kliniki ile sasa, chini ya swali la dawa nyingine, kuna nafasi ya kuandika jina kama lilivyosomwa kwenye boksi, na swali kuhusu kifua kikuu huulizwa kila mahudhurio.